Pumzi ya Gari la Krina

Gari lilirudi Jumanne asubuhi, na Priska alijua lina kasoro kabla hajainua kichwa. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya banda, mikono imezama kwenye udongo mpaka viwikoni, akikanda wa jiko la pili kati ya mawili aliyoagizwa na mwalimu mmoja wa hapo Mkonze. Lilipoondoka mara ya kwanza lile gari lilinguruma kwa sauti nene, kuku wa jirani wakakimbilia chini ya mkokoteni. Sasa lilikuja likikoroma kama mtu aliyelala na mafua, likasimama mbele ya banda la mumewe bila hata kutimua vumbi la maana. Nyuma yake ilifuata pikapu ya duka.

Krina alitangulia kushuka. Alikuwa binti wa Chandulal, yule mwenye duka la vyuma mjini, msichana mwembamba wa viatu vya michezo ambaye kazi yake hasa watu wa Mkonze walikuwa hawajaielewa. Alishindana mbio za magari. Walilisema jambo hilo mpaka wakalichoka, wakaamua kwamba mwenye baba mwenye duka anaweza kuwa chochote.

"Shikamoo, Mzee Batholomeo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Vipi tena, limekushinda?"

Batholomeo aliinuka kwenye kigoda chake, akaifuata ile sauti. Aliliruka bomba lililolala njiani, akakwepa pembe ya meza ya chuma, akasimama mahali pa kusimama, mkono mmoja juu ya boneti. Mtu yeyote angesema anaona. Ni Priska peke yake aliyejua kwamba lile bomba lililala hapo tangu Jumamosi na kwa makusudi halijasogezwa, na kwamba mumewe alikuwa ameuhifadhi uwanja wake kama mtu anavyohifadhi sala.

Macho yake yalikuwa yameondoka taratibu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya kuchomelea vyuma huku amevaa miwani ya jua ya sokoni. Kinyago cha kazi alikinunua alipokuwa amekwisha chelewa. Sasa aliona mwanga na kiza na maumbo ya watu, basi. Mistari ya chaki aliichora Priska. Chuma kikikaa upande alimwambia kwa Kigogo, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mboga, na mteja aliyesimama pale bila kuelewa kitu alidhani mke na mume wanapanga chakula. Na kazi nzito ya mshono, ile inayotaka jicho, Priska aliifanya mwenyewe mteja akishaenda zake. Walikuwa wamefika hapo bila kukubaliana. Siku moja alimshikia kijiti cha kuchomelea, siku nyingine akashika mashine.

Chandulal alishuka kwenye pikapu pamoja na Hamidu, kijana mwenye kompyuta ya mapajani anayepanga upya akili za magari. Huyo Hamidu ndiye aliyeliongezea gari la Krina nguvu. Alieleza kwa adabu, hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo. Alisema Mzee Batholomeo alipofunga ekzosi mpya, lile bomba la kutolea moshi, gari lilikuwa bado kwenye nguvu yake ya kiwandani, halikuonyesha kitu. Juzi ndipo alipoliongezea upepo kwenye tabo, akalipeleka kwenye mlima wa njia ya Msalato, nalo likakabwa. Ukikanyaga mafuta linaguna. Halipandi. Tabo inakuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Mafuta alikwisha yakagua, na plagi, na mipira yote ya upepo.

"Tabo inazungushwa na moshi, mzee wangu," alisema. "Moshi ukiwahi kutoka, inazunguka vizuri, inaingiza upepo mwingi, gari linakimbia. Moshi ukizuiwa unarudi tumboni. Chukua mrija, utie mdomoni, uzibe pua. Ukitembea mdogo mdogo hujui kama umebanwa. Sasa panda mlima mbio, ndio utajua."

"Na mrija huo ni mimi niliouweka," alisema Batholomeo.

"Sijasema hivyo."

"Bomba mlileta wenyewe. Mimi nimelipinda, nimelifunga. Nililipuliza kwa mdomo wangu huu kabla ya kulifunga, pumzi ikapita."

"Pumzi yako si pumzi ya gari hili, mzee."

Chandulal alikuwa amesimama kando muda wote, mikono nyuma. Alizaliwa Dodoma, baba yake alizaliwa Dodoma, na yeye na Batholomeo walikuwa wamefanya biashara tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Alitoa kikohozi kidogo. Alisema yeye hana neno na mtu, ila bomba alilompa lilikuwa nene, la maana, halipatikani kila siku, na yapo mafundi siku hizi wanaopokea la mteja wakalitia lao jembamba katikati, ncha zikabaki zile zile. Hakusema Batholomeo ni mmoja wao. Alisema tu kwamba angependa kujua kilichomo chini ya gari la mwanawe ndicho alichokitoa dukani.

Upande wa pili wa barabara Hamza, mziba pancha, aliacha kupiga tairi nyundo.

"Tulikate hapa hapa, pale kwenye kona ya bomba," Hamidu alisema. "Tuone ndani, tumalize. Krina ana mbio Jumapili."

Priska aliona shingo ya mumewe ikikakamaa. Alijua hofu yake ilipo. Bomba likikatwa litaonyesha lililomo, na lililomo likiwa baya, swali linalofuata litakuwa moja: fundi, hukutazama?

"Kazi yangu haichanwi barabarani kama kibudu," alisema Batholomeo. "Kama mnaniona mwizi, semeni."

"Basi mashine yako ya kuchomelea itakaa dukani kwangu," alisema Chandulal bila kupandisha sauti. "Siku utakayopata nafasi ya kulikata, tutaileta."

"Chukueni."

Hamidu na dereva wa pikapu waliibeba, huku na huku, waya ukiburuzika vumbini nyuma yao. Priska aliuokota ule waya, akauviringisha vizuri akauweka juu ya mashine, kwa sababu ukiburuzwa unachubuka. Krina alikuwa akiangalia simu yake, na simu ilikuwa imezima.

*

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya banda, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kwenda. Mtu anayefukuzwa kazini anarudi nyumbani, akafunga mlango. Batholomeo alirudi kwenye kigoda chake palepale barabarani, na siku nzima watu wakapita wakimpa pole. Wengine walikuja kwa pole, wengine walikuja kuona mahali mashine ilipokuwa, ule mraba mweupe usio na mafuta wala masizi.

"Baba Gladness," Hamza aliita kutoka ng'ambo, "leo unachomelea kwa mate?"

"Kwa mate ya mkeo," Batholomeo alijibu, na watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Hamza alikuwa mtani wake siku zote. Ila mara hii Hamza hakuvuka barabara kuja kuendeleza utani, akainamia tairi lake.

Jumatano alikuja bwana mmoja wa ofisini, katika wale waliohamia na serikali, aliyekuwa amewaachia vyuma vya nondo za madirisha ya nyumba anayojenga. Aliposikia mashine haipo hakugomba. Alisema anaelewa kabisa, mambo haya hutokea, akampigia simu mtu wa bajaji ya mizigo, vyuma vikapakiwa kimoja kimoja. Priska alisaidia kupakia. Bwana yule alimshukuru sana, akamwita mama, akaacha noti juu ya meza ya chuma kwa ajili ya usumbufu. Batholomeo alisikia karatasi ile ikigusa meza.

"Kaacha nini?"

"Hela ya soda."

"Kamrudishie."

"Amekwisha kwenda," Priska alisema, ingawa bajaji ilikuwa bado inageuza. Nyumbani hapakuwa na mafuta ya kupikia.

Mchana huo alikwenda kwenye lundo la mchanga kuchota wa kuchanganyia udongo wa mwalimu. Mchanga ule ndio waliotumia kupindia mabomba. Bomba tupu likipindwa hufinyika kama mrija wa mpapai, kwa hiyo Batholomeo alilijaza mchanga mkavu, akaushindilia, ncha zote mbili zikazibwa kwa udongo wa kichuguu, ndipo bomba likawekwa kwenye moto wa mkaa mpaka likawa la rangi ya papai, likapindwa. Likipoa unaligonga, udongo unapukutika, mchanga unamwagika. Alifundishwa na baba yake. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Sepetu ya Priska iligonga kitu. Alidhani ni kigae cha chungu, akakiokota akitupe. Kilikuwa kipande cha udongo cha mviringo, upana wa kiganja, kigumu, chekundu, kimekatika kama mwezi nusu. Upande wa nje kilikuwa laini sana, laini ya kukaa ndani ya bomba. Alikigeuza. Ndani ya udongo kulionekana vijitundu vidogo vidogo mahali pumba za mtama zilipoungua.

Priska alikaa chini palepale mchangani.

Udongo wa kuziba mabomba hauna pumba. Ni udongo mtupu na maji, ukikauka unavunjika kwa kidole. Pumba, majivu na samadi ya ng'ombe ni vya majiko, navyo hutiwa ili jiko likikutana na moto lisipasuke, likae miaka. Aliikumbuka siku yenyewe. Batholomeo alikwisha uwasha moto, Krina amesimama anaangalia saa, na karai la udongo mtupu lilikuwa limebaki ukoko. Hakutaka kumsimamisha. Aliinama nyuma ya banda, akachota alichokuwa akikikanda, akaziba. Kazi ya kuziba tu, alijiambia. Alishindilia kwa nguvu, na upande mmoja udongo ukazama ndani mpaka karibu na kona, pale moto ulipokuwa mkali kuliko kote.

Nusu moja alikuwa nayo mkononi. Nusu nyingine hakuwa na haja ya kuitafuta lundoni.

*

Alimwambia wakati wa kula. Walikuwa na ugali wa uwele na mlenda, na alisubiri mpaka amalize tonge la pili, maana mtu mwenye njaa hasikii vizuri. Alimwekea kile kipande kiganjani. Batholomeo alikipapasa, akapitisha kucha kwenye vijitundu.

"Jiko," alisema.

"Udongo ule mwingine ulikuwa umekwisha. Mlikuwa mnaningoja."

Priska alikuwa amejitayarisha kwa ukali. Haukuja. Mumewe alikiweka kipande kile kando ya sahani taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Nililisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Nilipoligonga. Bomba lote lilikuwa linalia vizuri, pale kwenye kona likawa linasema *du*. Nikajua kuna kitu kimebaki. Nikasema ni mchanga, gari litaupuliza lenyewe." Alikigusa tena kipande kile. "Ningekuita uje na tochi uchungulie. Lakini yule binti alikuwa amesimama pale pale."

Priska aliutazama mlenda ukipoa na kuvuta utando juu.

"Hata ungechungulia, kona ile usingeiona vizuri," aliongeza, na Priska alijua anasema hivyo kumpunguzia.

"Tuwaite walikate, Baba Gladness. Tusafishe, tuchomelee, mashine irudi."

"Wataniuliza kama nilitazama."

"Utawaambia hukuona."

"Na wakisikia fundi haoni, kesho nani ataniletea geti?"

"Leo nani amekuletea?"

Hilo lilimwingia kuliko Priska alivyokusudia. Batholomeo alinawa mikono ingawa chakula kilikuwa bado kipo. Alisema wamwite mwizi wa bomba, kuna wezi wengi na wanafanya kazi zao, watu wanasahau. Kipofu hasahauliki. Kisha akasema jambo hilo lisitoke humo ndani, akaingia chumbani, na Priska akasikia kitanda kikilia alipokaa, kisha hakikulia tena. Hakuwa amelala.

*

Alhamisi Priska alivaa gauni la kanisani, akafunga kile kipande kwenye pindo la khanga, akamwambia mumewe anapeleka jiko la kwanza kwa mwalimu. Ilikuwa kweli nusu. Jiko alilipeleka, akapokea fedha, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa nauli ya kwenda mjini.

Dukani kwa Chandulal walikuwepo wateja wa maana, wakandarasi wenye orodha ndefu, na kijana wa kaunta alimwambia asubiri pembeni. Alisubiri kando ya mabomba. Yalikuwa yamesimamishwa ukutani kwa unene, na bila kujua anafanya nini aliyapima kwa macho, hili la geti, hili la dirisha, hili la kitanda cha chuma. Mashine yao ilikuwa chini ya ngazi, imefunikwa gunia. Kijana alirudi kumwuliza kama amekuja kuomba msaada, kwa sababu siku ya misaada ilikuwa Ijumaa.

"Nimekuja kwa mwenye duka. Mwambie mke wa fundi wa Mkonze."

Chandulal alitoka ofisini mwenyewe, Krina nyuma yake. Priska alifungua pindo la khanga, akaweka kipande kile juu ya kaunta, katikati ya risiti na kikokotozi. Hakuzunguka. Alisema bomba ni lile lile, hakuna aliyelibadilisha. Alisema kuna udongo umegandamana kwenye kona, umeiva kama tofali, na ndio unaolikaba gari. Udongo huo ni wake yeye, alikosea kuuchanganya.

Krina alikichukua kile kipande, akakizungusha, akakilinganisha na mdomo wa bomba ukutani. Kilikaa sawasawa. Alimwangalia baba yake.

"Na Batholomeo hakuona?" aliuliza Chandulal. "Miaka yote hii, aje asione kitu kama hiki?"

Priska alikuwa amekuja na majibu mengine. Kulikuwa na lile la haraka, na lile la kona kuwa mbali, na yote mawili aliyarudia ndani ya daladala njia nzima. Aliyatafuta sasa, akaona yote yanamrudisha mumewe kwenye wizi au kwenye uzembe. Wizi na uzembe vilikuwa vya kuchagua. Kilichompata hakukichagua.

"Haoni," alisema.

Kijana wa kaunta aliacha kubonyeza kikokotozi.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kabla ya geti lako la nyumbani."

Chandulal alifikiri. "Lile geti nani amelichomelea?"

"Mimi."

Chandulal angeweza kusema ni geti zuri. Alilisifu mwenyewe siku ya kulipokea. Hakusema. Alijipapasa kidevu, na Priska akaona wazi kabisa anafikiria bawaba, kama zitashika. Kisha akasema mashine itarudi, gari litaletwa kesho, na kazi ifanyike palepale ilipoharibikia, Hamidu akiwepo. Priska alimwomba ifanyike hapo uani kwa duka, au hata gereji kwa Hamidu, ili isiwe mbele ya watu. Aliomba mara mbili. Mara ya pili aliita *bwana mkubwa*, neno ambalo hakuwahi kumwita mtu.

"Mama, mimi nimemtaja vibaya mbele ya watu," alisema Chandulal. "Nikimsafishia uani, watasema tumeelewana fedha."

Lilikuwa neno la haki. Ndiyo maana lilimchosha zaidi.

*

Usiku ule alimwambia mumewe kila kitu, na mumewe akageukia ukutani. Ijumaa gari lilipokuja pamoja na mashine, Batholomeo alikuwa chumbani. Priska alikuta kigoda chake tupu barabarani, akakichukua akakiingiza ndani ya banda, maana kigoda kitupu kinaleta maswali.

Watu walijaa wenyewe. Hamidu aliinua gari kwa jeki, akalitoa bomba lingali na joto, akawasha grenda. Cheche ziliruka mpaka barabarani. Kona ilipofunguka walichungulia wote kwa zamu. Palikuwa na ile nusu nyingine ya udongo mwekundu, imeshikamana na chuma upande mmoja, na kando yake tundu lililotosha yai la kanga. Hamidu aliipiga patasi mara kadhaa kabla haijaachia.

"Kumbe gari limebeba jiko!" alisema Hamza. "Ndiyo maana lilikuwa linakoroma, lilikuwa linapika makande."

Wakacheka. Hata Krina alicheka, akajishika mdomo. Hamidu hakucheka, alikuwa akipitisha kidole ndani ya bomba, akisema peke yake kwamba kumbe lilikuwa limebaki theluthi, gari lingepanda vipi. Kisha alilisafisha, akalinganisha ncha, akamtafuta Batholomeo kwa macho aendelee, na Batholomeo hakuwepo.

Priska alivaa kinyago.

Kicheko kilizimika kama moto uliomwagiwa maji, kikafuka kidogo pembeni, kikaisha. Aliyasikia maneno machache. Mmoja aliuliza, kumbe? Mwingine akasema, ndiyo maana. Baada ya hapo alikuwa ndani ya kile kiza cha kinyago ambamo kuna kitu kimoja tu cha kutazama, na Hamidu akimshikia bomba aliuzungusha mshono wote bila kuinua kichwa. Jasho lilimwingia machoni. Hakuna aliyemfuta.

Gari lilifungwa, likawashwa. Ile sauti nene ilirudi, kuku wakakimbia. Krina alilipeleka juu kwa njia ya mlima, na waliobaki walisimama wakisikiliza, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Lilinguruma likapanda, likafoka pale ambapo zamani lilikuwa linaguna, likapanda tena, sauti ikawa nyembamba kwa umbali tu. Hamidu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Chandulal alisema mbele ya watu wote kwamba bomba ni lake na fundi hakuiba kitu, akalisema mara mbili, kwa sauti. Watu waliitikia. Lakini haikuwa habari tena. Walikuwa wanaondoka na habari nyingine.

Priska aliingia ndani. Batholomeo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea dirishani.

"Limepanda," alimwambia.

"Nimesikia."

*

Wiki iliyofuata ilikuwa kavu. Mtu wa Kibaigwa mwenye lori la mahindi, mteja wao wa siku nyingi, alisimama, akamwona Priska peke yake na kinyago mkononi, akauliza mzee yuko wapi. Akajibiwa amepumzika. Alisema atapita akirudi. Lori lilisogea hatua chache, likasimama kwa fundi mwingine mbele kidogo. Gladness, binti yao, alipiga simu kutoka kwa mumewe, amesikia hukohuko, analia. Priska alimwambia asilie kwenye simu ya watu. Ndani ya nyumba Batholomeo alikula alichowekewa, akajibu alichoulizwa, na hakuna kingine.

Ndipo akaja Dorothea, mwanamke wa Mkonze anayeuza maji kwa mkokoteni. Mkokoteni wake ulikuwa umekatika kwenye ekseli, na alikuwa ameuburuta kutoka mbali. Hakuuliza mzee yuko wapi. Aliuliza kama itawezekana kabla jua halijawa kali, ana wateja.

Priska aliinua ekseli, ikaanguka. Aliiegemeza kwa tofali, ikateleza. Kilikuwa chuma kirefu kinachotaka mtu wa pili, na Dorothea, alipojaribu kukishika, aliruka cheche ya kwanza ilipotoka, akasema yeye ana watoto. Priska alijaribu tena peke yake, akikibana kwa goti. Mashine ikavuma, kijiti kikatatarika na kurusha cheche ovyo.

"Umeweka umeme mwingi."

Batholomeo alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, na soksi bila viatu.

"Sikiliza unavyotatarika. Punguza."

Alipunguza. Mumewe alikuja akipapasa hewa mbele yake waziwazi, hakujificha, akajigonga kwenye mkokoteni ambao haukuwepo kwenye ramani yake, akasimama. Dorothea alimpisha njia. Priska alimshika kifundo cha mkono, akamvisha glovu, kisha akaupeleka mkono wake mpaka kwenye chuma, karibu sana na mahali patakapochomwa, kwa sababu mbali zaidi ya hapo ekseli isingetulia.

"Hapo," alisema. "Ni karibu."

"Najua ni karibu."

Batholomeo aligeuza uso wake pembeni, upande wa barabara, ambako Hamza alikuwa amesimama na tairi akitazama. Priska alishusha kinyago.

"Umeshika?"

"Nimeshika. Wewe choma."